Siku ya posho kwenye meza ya Wahindi na Wachina

Kwetu Katanga, siku ya sita ya juma inaitwa siku ya posho. Vijana wanasema hilo jina kila juma bila kujiuliza linatoka wapi. Wazee wetu wa kambi wanajua. Ilikuwa siku ya kupokea chakula ya kampuni, wakati wa Union Minière: unga, samaki, mafuta, chumvi. Mama alisimama mstari na mfuko na bakuli, akapimiwa, akarudi nyumbani. Hakuchagua kitu. Kile kampuni ilipima, ndicho watoto walikula.

Mwezi uliopita, siku ya posho mangaribi, sisi delege watatu wa sendika tuliingia na bibi zetu katika restora moja ya hapa Likasi inayopika chakula ya Wahindi, ya Wachina na ya Watailandi. Tunaandika juu ya ile mangaribi kwa sababu mbili. Ya kwanza, wandugu wengi wanapita mbele ya mlango ule na kusema "hapa si kwetu". Ya pili mtaiona mbele, na ndiyo imetufanya tushike kalamu.

Kwanza tuseme tulifikaje pale. Katika kampuni ambayo tunatumika, timu ya usiku ilikuwa inapewa mkate mmoja na kopo ya sardini katikati ya usiku. Mtu ameshika mashine tangu mangaribi, baridi ya mwezi wa 6 inamwingia mpaka kwenye mfupa, na chakula yake ni kopo. Ukuta moja tu kutoka pale, kantini ya wageni ilikuwa inatoa moshi. Sisi hatukuomba mchele ya wageni. Tuliomba chakula ya moto. Tulizungumza miezi saba, na mwishoni kampuni ilitia sahihi: timu ya usiku itakula sahani ya moto kila usiku.

Siku ile ya sahihi, mzee wetu mmoja, delege wa siku nyingi, alituambia: "Batoto, mi niko na miaka makumi tano na munane. Nilitumika Gécamines, nikatoka na bale ba 2003, nikaanza upya kwa sous-traitance. Ile restora minapitaka pale kila siku. Sijaingiaka hata siku moja. Na leo tumeshinda juu ya chakula. Tuende tukule."

Wanaokumbuka mwaka 2003 wanajua anasema nini. Gécamines ilitoa watu zaidi ya 10,000 kwa kile walichoita kuondoka kwa hiari. Feza ya kuondoka iliisha, hiari haikuonekana. Mzee akasema tukule, basi tulichanga kwa likelemba yetu, tukaenda.

Mlinzi wa mlango alituangalia viatu, akauliza: "Munaleta bitu? Mlango ya bitu iko nyuma." Mama mmoja wa kwetu, mwenye kuuza mboga kwenye soko ya Kikula, alimjibu kabla sisi hatujafungua kinywa: "Papa, leo hatuleti. Leo tunakuja kukula." Mlinzi alicheka kwa haya, akafungua. Si mtu mbaya. Alizoea tu kuona sura zetu kwenye mlango wa nyuma.

Ndani kuna meza kumi hivi, taa nyekundu za karatasi, na picha ya tembo wa India ukutani. Binti mmoja alikuja na kitabu cha chakula. Kitabu kile kinatisha kidogo: kurasa nyingi, majina magumu, bei zote kwa dola. Wandugu, msiogope. Tulimwambia binti: "Mwana, shiye hatujui. Tuonyeshe." Akavuta pumzi, akatuonyesha polepole, sawa mtoto anayesomea wazazi wake barua. Haya ndiyo tuliyojifunza, na mtu akiingia siku moja yatamsaidia.

Kwanza, chakula ya pale si ya kila mtu na sahani yake. Unaitisha sahani nne au tano, zinawekwa katikati, kila mtu anachota. Ni vile tunakula nyumbani, bakuli moja ya sombe na mikono mingi. Watu sita na sahani tano, inatosha. Mtu anayeitisha peke yake sahani yake ndiye anaumia kwa bei.

Pili, uliza juu ya nyama. Wahindi wengi hawali ng'ombe, na kuna sahani nyingi bila nyama kabisa. Wachina wanapenda nguruwe. Kama dini yako inakataza, sema mwanzoni, watakubadilishia.

Tatu, uliza juu ya pilipili. Tulisema "pilipili ya kadiri". Kadiri ya pale ilituliza machozi.

Mzee wetu alikuwa na swali moja tu: "Na bukari?" Binti alicheka: "Bukari apana, papa. Lakini kuko naan. Ni mukate ya moto, unapasula na mukono." Mkate ulikuja umevimba, una alama nyeusi za moto, maana unabandikwa kwenye ukuta wa tanuru ya udongo. Mzee alipasua, akachovya kwenye dengu ya manjano ambayo Wahindi wanaita dal, akatafuna, akafunga macho. "Ni maharagi," alisema. "Ni maharagi ya mama, walitia tu tangawizi." Toka pale hakutafuta kijiko tena. Mwenzetu wa tatu alitaka kuonyesha kwamba anajua vijiti vya Wachina, na tambi zikaanguka mara tatu kwenye suruali yake ya siku ya Mungu. Bibi yake alimletea uma bila kusema neno.

Kukaja kuku katika mchuzi wa tomati na siagi, mwekundu na laini. Kukaja tambi za Kichina zilizokaangwa kwa moto mkali. Kukaja supu ya Kitailandi, na hapo mama wa pili alishangaa: ndani ya supu kulikuwa majani yale marefu ambayo sisi tunapanda nyuma ya nyumba kwa kunywa chai, sitronele. "Haya ni ya chai," alisema. Alionja tena. "Kumbe tulikuwa tunayanyima kazi."

Lakini kitu kilichotuamsha ni sahani ya tano: mboga kijani, zimekaangwa kidogo na kitunguu saumu na bowa. Mama wa soko ya Kikula aliinua jani moja na uma, akaligeuza, akaangalia mshipa wake mweupe. "Hii ni shu ya Shine," alisema. Akaangalia tena. "Hii ni shu ya Shine *yangu*. Kijana wa jikoni ya hapa ananunuaka kwangu kila asubui. Kitita kimoja ananipigia bei mpaka tunagombana." Akaangalia kitabu. Sahani ile: dola 8.

Tulicheka sana. Kisha tulianza kufikiri.

Shu ya Shine, kabichi ya Kichina, ni mboga ambayo inajaa kwenye bustani za Likasi na Lubumbashi. Tunaila na bukari tangu tukiwa watoto, na hakuna anayesema amekula chakula ya Wachina. Jina lake peke yake linasema ilitoka mbali. Na bukari yenyewe? Mahindi yalitoka Amerika. Muhogo ulitoka Amerika. Karanga na tomati vilevile. Wareno ndio walivileta kwenye pwani ya Afrika tangu miaka ya 1500, na vikaingia ndani, shamba kwa shamba. Pilipili ile iliyotuliza machozi ilitoka Amerika pia. Mbele ya hapo, Wahindi, Watailandi na Wachina wa Sichuan hawakuijua. Wahindi walikuwa na pilipili manga na tangawizi. Leo mtu anasema curry bila pilipili si curry, sawa sisi tunavyosema mtu bila bukari hajakula.

Wengine wanauliza: restora moja inawezaje kupika chakula ya nchi tatu? Si uongo huo? Apana. Nchi hizo zilianza kupikiana zamani, na waliobeba sufuria ni wafanyakazi. Kule Calcutta, India, kulikuwa Wachina, wengi wao Wahakka, waliotumika kazi ya kutengeneza ngozi. Walipika chakula yao kwa viungo vya Wahindi, na kikatoka chakula kipya ambacho leo India nzima inakula: tambi za Kichina na pilipili ya Kihindi. Tambi za Thailand vilevile zilifika pale na Wachina waliohama kutafuta kazi. Ukikuta Mhindi anakupikia tambi, hajaiba kwa jirani. Jirani alikuja kutumika kwake, akaacha sufuria.

Na sisi wa Katanga tuko vile vile. Union Minière iliandika wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na kutoka Rwanda na Burundi. Kambi zikajaa kabila zote, na sufuria zikachanganyika. Mluba wa Kasai alikuta chikanda ya Wabemba akaipenda. Swahili hii tunayosema, tuliipika katika sufuria ile ile.

Basi kwenye meza ya jirani walikaa vijana wanne Wachina, na viatu vya kazi bado vina vumbi nyekundu kama vyetu. Hawakusema sana. Mmoja alikuwa na simu mbele ya sahani, na kwenye simu mtoto mdogo alikuwa anamwonyesha mdoli. Huko kwao ilikuwa usiku mkubwa tayari, mtoto hakutaka kulala. Sisi katika sendika tunagombana na kampuni za wageni kila siku, na tutaendelea. Lakini kijana yule hakuandika bei ya mkate wetu. Naye anakaa katika kambi, anakula kilichopimwa, na mke na mtoto wako mbali. Mzee wetu aliinua glasi yake ya Simba kwake, naye akainua chai yake. Hawakuwa na lugha, lakini walielewana.

Fakture ilikuja: dola 82 kwa watu sita, na vinywaji ndani. Tuseme wazi, ni feza mingi. Kwa nyumba moja ni kama dola 27. Si chakula ya kila mwezi. Lakini tumeona watu wakipoteza zaidi ya hiyo kwa pombe siku moja ya mshahara, na bibi na watoto hawakuonja hata soda. Mara moja kwa mwaka, mtu na bibi yake, meza safi, sahani ya kuchagua: hiyo si anasa ya kuonea haya. Yule anayetoa shaba kwenye udongo ana haki ya kukaa kwenye kiti.

Sasa tunafika kwenye sababu ya pili.

Tulipolipa, mama alimpa binti feza kidogo mkononi, akamwuliza habari ya kwao. Ni mtoto wa Panda. Baba yake alitumika Shituru. Akatuangalia beji ya sendika kwenye koti la mzee, akaangalia nyuma kuona kama patro yuko karibu, akasema chini chini: "Papa, ninyi ni ba sendika? Ni ya mine tu, ao hata ya shiye?"

Tulimngojea inje mpaka alipofunga kazi. Alitueleza. Yeye na wenzake, pamoja na wapishi wawili, wanaandikwa kuwa watu wa siku. Kila siku wanalipwa ya ile siku. Ukiugua, hakuna. Mvua ikinyesha na wageni wasije, unarudishwa nyumbani bila kitu. Yeye ana mwaka wa tatu pale. Na mpishi mkubwa aliyeletwa kutoka mbali alirudi kwao zamani. Wanaopika tambi, dal na supu ya Kitailandi ni vijana wawili wa Kikula waliojifunza kwa kuangalia. Tulikuwa tumesifu mikono ya Wahindi na Wachina usiku mzima, kumbe mikono ni yetu. Feza ya siku moja ya binti yule haifiki bei ya ile sahani ya shu ya Shine.

Wandugu, tulirudi nyumbani kimya. Tulikuwa tumekwenda kusherehekea chakula ya moto, na waliotuletea chakula ile wanaishi sawa sisi tulivyoishi mbele ya sendika.

Jina ya restora hatuliandiki, juu binti anakula kutoka pale. Lakini sheria tunaiandika, kusudi kila nyumba yenye mtoto anayetumika kwenye restora, kwenye hoteli, kwenye duka ao kwenye nyumba ya mtu ijue. Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, inasema hivi. Mtu wa siku akitimiza siku 22 za kazi katika muda wa miezi miwili, na akaitwa tena kazini mbele miezi ile miwili haijaisha, kontra yake inahesabiwa kuwa kontra isiyo na mwisho. Hata kama kila mangaribi wanamlipa ya siku. Tena sheria inasema kontra iwe ya maandishi. Kama hakuna karatasi, inachukuliwa kwamba kontra haina mwisho, mpaka ithibitishwe namna ingine. Wengi wanafikiri kukosa karatasi ni kukosa haki. Kwa sheria hii, ni kinyume.

Basi fanyeni hivi. Andikeni siku. Daftari ya watoto inatosha: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, feza uliyopokea. Tunzeni ujumbe wa simu ambao patro anawaita kazini. Msiende peke yenu, nendeni wawili ao watatu, juu mmoja anafukuzwa kwa urahisi. Kisha tafuteni delege wa sendika yoyote iliyo karibu, ao mwende kwa Ispeksiyo ya kazi. Na msianze kwa matusi. Sisi kwa chakula ya usiku tulizungumza miezi saba, na hatukuvunja hata kioo kimoja.

Tunasema hivyo tukikumbuka. Mwezi wa 12 mwaka 1941, hapa hapa Likasi, wakati mji uliitwa Jadotville, na kule Élisabethville, wafanyakazi wa Union Minière walisimamisha kazi. Ilikuwa vita, bei za vitu zilikuwa zimepanda, mishahara haikufuata. Waliomba feza ya kulisha nyumba. Askari waliwapiga risasi. Wazee wale walikufa juu ya sahani. Kwa hiyo mtu akituambia "ninyi sendika munagombania mkate na sardini, ni mambo madogo", tunamjibu kwamba katika nchi hii mkate haujawahi kuwa jambo dogo.

Juma lililofuata, binti alikuja kwetu na wenzake wawili. Alileta daftari ile ndogo ambayo anaandikia chakula ya wageni. Kwenye kurasa za nyuma, bila mtu kumwambia, alikuwa ameandika siku zake zote tangu mwaka uliopita. Hapo hatukuwa na la kumfundisha. Tulihesabu pamoja: hakuna miezi miwili ambayo iko chini ya siku 40.

Patro amekubali kutupokea mara moja. Alisema wale ni watoto anaowasaidia tu. Tuliweka daftari mezani, tukamwomba ahesabu mwenyewe. Alihesabu, akanyamaza, akasema turudi mwisho wa mwezi. Tutarudi. Na mama wa Kikula amesema kama wale watoto watafukuzwa, yeye na wenzake wa soko hawatauza tena shu ya Shine kwa jikoni ile, hata kitita kimoja.

Mambo yakiisha vizuri, tutaingia tena kwa mlango wa mbele, siku ya posho, na bibi zetu. Mzee ameshasema ataitisha nini: naan mbili na ile dal. Na anataka wale wapishi wawili watoke jikoni, awasalimie kwa mkono.